Shiti imepotea kwenye faili la Excel? Irudishe bila kuvuruga hesabu

Msimu wa masoko ya tumbaku ukishaanza, faili moja tu la Excel katika ofisi ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) kule Urambo, Kaliua au Sikonge hubeba kazi ya kijiji kizima. Shiti ya Wanachama ina majina na namba za wakulima. Pembejeo ina mbolea na dawa zilizotolewa kwa mkopo. Masoko ina uzito na daraja la kila mtumba uliopita kwenye mizani. Makato inaonyesha kila mmoja anadaiwa nini, na Malipo inakusanya vyote hivyo na kutoa kiasi cha kupeleka benki. Sasa karani anafungua faili asubuhi, anakuta vichupo vinne badala ya vitano. Makato haipo.

Watu wako nje wanasubiri, na mkono unakimbilia daftari ili makato yaandikwe upya kwenye shiti mpya. Usifanye hivyo. Mara nyingi shiti ya zamani bado imo ndani ya faili, haionekani tu, na fomula za Malipo zinaendelea kuisoma hiyohiyo. Utamrekebishia mkulima deni lake kwenye shiti mpya, lakini kiasi chake kwenye Malipo hakitasogea hata shilingi. Mtakuwa na hesabu mbili ndani ya faili moja, na kuzitenganisha baadaye ni kazi ya siku nyingi.

Maelekezo haya yanafuata Excel ya Windows, maana ndiyo iliyo kwenye ofisi na stesheneri nyingi za Tabora. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usihangaike kuyatafuta.

Kabla ya kugusa chochote

Usibonyeze Ctrl+S. Kama shiti imefutwa dakika chache zilizopita, faili lililoko kwenye diski huenda bado linayo, na ukihifadhi sasa unaizika. Fungua folda lilimo faili, linakili, libandike hapohapo, kisha lipe jina kama Malipo_majaribio. Majaribio yote yafanyie kwenye nakala hiyo. Ukishajua dawa ni ipi, ndipo uifanye kwenye faili halisi.

Iliyofichwa au iliyofutwa?

Hili ndilo swali la kwanza, kwa sababu dawa zake hazifanani kabisa. Kuna vipimo vitatu, na vyote kwa pamoja havimalizi dakika tano.

Kipimo cha kwanza ni fomula. Nenda kwenye Malipo, bofya seli inayopaswa kuleta makato ya mkulima, soma kilichoandikwa kwenye mstari wa fomula juu. Ukiona hivi:

=VLOOKUP(A7,Makato!$A$2:$F$412,6,FALSE)

na seli inatoa kiasi cha kawaida, Makato ipo hai, imefichwa tu. Ukiona hivi:

=VLOOKUP(A7,#REF!$A$2:$F$412,6,FALSE)

shiti imefutwa, Excel imetafuta mahali pa kusoma, haikupaona. Ukiona jina la faili lingine ndani ya mabano ya mraba, mfano [Makato_Msimu.xlsx], basi shiti hiyo haikuwahi kukaa kwenye faili hili. Iko kwenye faili jingine, pengine kwenye kompyuta ya mhasibu. Na ukikuta namba tupu bila fomula, kipimo hiki hakikuambii kitu. Nenda kwenye kinachofuata.

Kipimo cha pili ni jina. Ongeza shiti mpya kwa alama ya + iliyo pembeni mwa vichupo, bofya jina lake mara mbili, andika Makato, bonyeza Enter. Excel haikubali shiti mbili zenye jina moja ndani ya faili moja. Ikikataa kwa kusema jina limeshatumika, shiti unayoitafuta imo ndani. Bonyeza Esc, uondoe ile mpya. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti hapa, lakini nafasi tupu ina tofauti: aliyeandika jina na kuacha nafasi mwishoni ametengeneza jina jingine, na kipimo hiki kitakudanganya.

Kipimo cha tatu ni idadi. Kwenye seli yoyote tupu andika =SHEETS() kisha Enter. Fomula hii inahesabu shiti zote, zinazoonekana na zilizofichwa kwa namna yoyote ile. Ikileta 7 na wewe umehesabu vichupo vitano, kuna shiti mbili hazionekani. Ilianza kwenye Excel 2013, kwa hiyo kwenye 2010 na zilizotangulia utapata #NAME? na kulazimika kutegemea vile vipimo viwili vya juu.

Huenda haijafichwa hata kidogo

Faili likiwa na shiti za miezi kumi na miwili pamoja na za masoko, vichupo havitoshi kwenye skrini ndogo. Shika Ctrl ubofye kimshale cha kulia kilicho pembe ya chini kushoto, Excel itaruka hadi kichupo cha mwisho. Au bofya kulia juu ya vimshale hivyo, utapata orodha ya shiti zote zinazoonekana, uchague unayoitaka. Orodha hiyo haitaji zilizofichwa.

Wakati mwingine upau wa kusogeza kulia na kushoto umevutwa mpaka ukafunika vichupo. Shika vidoti vitatu vilivyo mwanzoni mwa upau huo, uvute kuelekea kulia.

Kama hakuna kichupo hata kimoja, nenda File, Options, Advanced, shuka mpaka Display options for this workbook, uweke alama kwenye Show sheet tabs. Na kama Excel imefunguka ikiwa ya kijivu tupu bila seli, kilichofichwa ni dirisha zima la faili: nenda View, kisha Unhide, uchague jina la faili.

Kufichua shiti ya kawaida

Faili likiwa limetoka kwenye barua pepe au WhatsApp, kuna utepe wa njano juu unaosema Protected View. Bofya kwanza Enable Editing, la sivyo amri nyingi zitabaki zimefifia. Halafu:

1. Bofya kulia kwenye kichupo chochote kinachoonekana.
2. Chagua Unhide.
3. Kidirisha kitaleta orodha ya shiti zilizofichwa. Chagua Makato, bofya OK.

Kwenye Excel ya Microsoft 365 unaweza kushika Ctrl ukachagua shiti kadhaa kwa mkupuo. Kwenye Excel 2016 na za nyuma yake unafichua moja, unarudia safari. Anayependa kibodi abonyeze Alt, kisha H, O, U, H, kimoja baada ya kingine.

Kuwa mwangalifu na kipanya hapa. Chini ya Unhide kwenye menyu hiyo kuna Select All Sheets. Ukiteleza ukaibofya, shiti zote zinachaguliwa pamoja, na neno Group linatokea kwenye jina la faili juu. Kuanzia hapo, ukiandika namba kwenye seli C9 ya Makato, namba hiyohiyo inaandikwa kwenye C9 ya Wanachama, ya Masoko na ya nyingine zote, na hakuna onyo lolote. Ukiona neno hilo, bofya kulia kichupo chochote, chagua Ungroup Sheets kabla hujaandika kitu. Kosa hili huharibu mafaili kuliko kufichwa kwenyewe.

Unhide ikiwa imefifia

Itazame menyu yote, usiitazame Unhide peke yake. Kama Insert, Delete, Rename na Hide nazo zimefifia, muundo wa faili umefungwa. Kama Unhide peke yake ndiyo imefifia na nyingine zinafanya kazi, muundo uko wazi, ila hakuna shiti iliyofichwa kwa njia ya kawaida. Hapo ama shiti haipo, ama imefichwa kwa ile namna nzito itakayoelezwa mbele.

Muundo ukiwa umefungwa, nenda Review, bofya Protect Workbook. Kama haukuwekewa nywila, mbofyo huo mmoja unafungua. Kama unaulizwa nywila, hakikisha kwanza Caps Lock haijawashwa, kwa sababu Excel inatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye nywila. Usichanganye na Protect Sheet: hiyo inazuia kuhariri seli za shiti moja, haihusiani na kuficha au kufichua.

Nywila usiyoijua ina mwenyewe. Faili la malipo ya wakulima limefungwa na mhasibu au katibu kwa sababu zake, na njia sahihi ni kumuuliza. Ujumbe mfupi unatosha:

Shikamoo mama. Faili la Malipo limefungwa muundo na shiti ya Makato haionekani. Naomba uje uifungue mwenyewe, au nikupigie unitajie nywila. Nikimaliza nitaifunga tena kwa nywila ileile.

Kutajiana kwa simu ni bora kuliko kuiandika kwenye kundi la WhatsApp la bodi, ambako itakaa miaka. Kama mwenye nywila ameisahau, Microsoft hawana namna ya kumrejeshea; rudini kwenye nakala ya zamani ambayo haijafungwa.

Shiti iliyofichwa sana

Excel ina hali tatu za shiti, na kila hali ina namba yake. Namba -1 ni inayoonekana. Namba 0 ni iliyofichwa kwa kawaida, ambayo Unhide inaiona. Namba 2 ni iliyofichwa sana, ambayo Unhide haiitaji hata kwenye orodha. Hali hii ya tatu haiwekwi kwa bahati mbaya kwa kubofya kulia. Mtu ameiweka kwa makusudi kupitia dirisha la VBA (sehemu ya Excel ya kuandikia programu), au makro, yaani programu ndogo iliyo ndani ya faili, imeiweka. Hutumika sana na watengenezaji wa mafaili ya malipo ili makarani wasiguse viwango vya makato au bei za madaraja.

Kuifichua hakuhitaji kujua programu. Fuata hatua hizi:

1. Faili likiwa limefunguka, bonyeza Alt+F11. Kwenye laptopu nyingi utahitaji kuongeza Fn.
2. Bonyeza Ctrl+R. Upande wa kushoto utaona mti wenye jina la faili, na chini yake shiti zote, mfano Sheet4 (Makato). Hapa hakuna inayojificha.
3. Bofya Sheet4 (Makato) mara moja, kisha bonyeza F4. Jedwali la sifa zake litafunguka.
4. Shuka mpaka mstari wa Visible. Utakuta 2 - xlSheetVeryHidden. Bofya hapo, chagua -1 - xlSheetVisible.
5. Bonyeza Alt+Q kurudi kwenye Excel. Kichupo kiko mahali pake.

Shiti zikiwa nyingi, ndani ya dirisha lilelile bonyeza Ctrl+G. Kisanduku cheupe chenye jina Immediate kitafunguka chini. Kabla ya kufichua, andika orodha ya hali zilivyo sasa:

For Each s In ActiveWorkbook.Sheets: Debug.Print s.Name, s.Visible: Next

Bonyeza Enter, kila shiti itatajwa na namba yake. Nakili orodha hiyo kwenye karatasi au piga picha kwa simu. Utaihitaji ukitakiwa kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Kisha andika:

For Each s In ActiveWorkbook.Sheets: s.Visible = -1: Next

Bonyeza Enter. Zote zitatokea. Mistari hii haiachi makro ndani ya faili, kwa hiyo faili la xlsx linabaki xlsx na halitaanza kutoa maonyo. Hakikisha tu kuwa faili unalolitaka ndilo lililokuwa mbele wakati unabonyeza Alt+F11, maana ActiveWorkbook ni lile lililo mbele. Ukipata kosa namba 1004, muundo wa faili umefungwa. Rudi kwenye Protect Workbook.

Kuna mafaili ya xlsm ambayo, yakifunguliwa, yanaonyesha shiti moja tu yenye maneno ya kukutaka uruhusu makro. Hilo halijaharibika. Limetengenezwa hivyo: makro inaficha shiti zote wakati wa kufunga faili, na inazifichua wakati wa kufungua. Makro zikizuiwa, hakuna wa kuzifichua. Dawa yake ni kubofya Enable Content. Tangu 2022 Microsoft wamekuwa wakizuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, kwa hiyo kitufe hicho huenda kisitokee. Hapo funga faili, bofya kulia juu yake kwenye folda, chagua Properties, weka alama kwenye Unblock, bofya OK, ulifungue tena. Fanya hivyo kwa faili unalojua limetoka kwa nani, na kwa lisilojulikana usifanye kabisa.

Na kama umeshafichua shiti, ukahifadhi, ukafungua kesho ukakuta zimejificha tena, ni makro hiyohiyo inafanya kazi yake. Usiifute. Mtafute aliyelitengeneza faili umweleze unachohitaji.

Kompyuta isiyo na VBA

Ofisi nyingine zinatumia WPS Office, au Excel iliyosakinishwa bila sehemu ya VBA, na Alt+F11 haileti kitu. Rahisi kuliko yote ni LibreOffice, ambayo ni ya bure. Fungua nakala ya faili kwa LibreOffice Calc, bofya kulia kichupo, chagua Show Sheet. Yenyewe haina hali ya kufichwa sana, hivyo zote zinatokea kwenye orodha moja. Itumie kusoma na kunakili data. Kuhifadhi faili halisi la malipo kwa LibreOffice kisha kulirudisha Excel kunaweza kupoteza makro na baadhi ya mipangilio, kwa hiyo usifanye hivyo kwa faili ambalo watu wengine wanalitegemea.

Njia nyingine ni kuingia ndani ya faili lenyewe. Faili la xlsx au xlsm kwa hakika ni furushi la zip lenye mafaili madogo ya maandishi, na hali ya kila shiti imeandikwa kwenye faili moja tu kati ya hayo.

1. Kwenye folda, nenda View, weka alama kwenye File name extensions, ili uone .xlsx mwishoni mwa jina.
2. Kwenye nakala, badilisha .xlsx iwe .zip. Windows itakuonya, kubali.
3. Fungua zip, ingia folda la xl, nakili workbook.xml uibandike kwenye desktop.
4. Ifungue kwa Notepad. Bonyeza Ctrl+F, tafuta veryHidden.
5. Utakuta mstari kama huu:

<sheet name="Makato" sheetId="4" state="veryHidden" r:id="rId4"/>

6. Futa state="veryHidden" pamoja na nafasi moja iliyo mbele yake. Mstari ubaki hivi:

<sheet name="Makato" sheetId="4" r:id="rId4"/>

7. Hifadhi, kisha nakili workbook.xml uirudishe ndani ya xl kwenye zip ileile, ukubali kubadilisha ya zamani.
8. Rudisha jina kuwa .xlsx, ufungue.

Wengi hukwama kwenye hatua ya saba. Wanafungua zip yote kuwa folda, wanahariri, halafu wanalifunga folda lenyewe kuwa zip. Hapo xl inakuwa imezama ndani ya folda jingine, na Excel inasema faili limeharibika. Rudisha faili hilo moja tu ndani ya zip ya awali. Njia hii haifanyi kazi kwa .xls la zamani wala kwa faili linalodai nywila wakati wa kulifungua, kwa sababu hilo limesimbwa na si zip tena.

Google Sheets na simu

Kwenye Google Sheets nenda View, kisha Hidden sheets, ubofye jina. Alama ya mistari mitatu iliyo chini kushoto nayo inaorodhesha shiti zote, zilizofichwa zikiwa za kijivu. Lazima uwe na ruhusa ya kuhariri. Ukificha au kufichua, unafanya hivyo kwa wote wanaotumia faili, basi usishangae mwenzako wa Igunga akikupigia kuuliza Makato imekwenda wapi.

Excel ya simu ya Android inafichua zile za kawaida: gusa na ushikilie kichupo, chagua Unhide. Zilizofichwa sana hazitoki kwa simu, tafuta kompyuta.

Kama vipimo vimeonyesha imefutwa

Kwenye Excel ya kompyuta, usitegemee Ctrl+Z kurudisha shiti iliyofutwa. Kama umefuta sasa hivi na hujahifadhi, funga faili, chagua Don't Save, ulifungue tena. Utapoteza ulichoandika tangu ulipohifadhi mara ya mwisho, hivyo kama kazi hiyo ni nyingi, kwanza hifadhi faili hilo kwa jina jingine kwa Save As, halafu ufungue lile la zamani.

Kama limeshahifadhiwa, jaribu File, Info, na pale kwenye Manage Workbook uone kama kuna toleo la awali. Kwa kawaida Excel hujiwekea nakala ya dharura kila dakika 10. Faili likiwa OneDrive, nenda File, Info, Version History. Likiwa Google Drive, nenda File kisha Version history.

Mahali ambapo faili hupatikana mara nyingi kuliko kote, na watu hawapakumbuki, ni WhatsApp. Mafaili ya AMCOS hutumwa kila wiki kwa mwenyekiti, kwa afisa ushirika, kwa mtu wa benki. Kwenye simu ya Android yanakaa katika folda la WhatsApp Documents, ndani ya Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, na uliyoyatuma mwenyewe yako kwenye folda dogo la Sent. Angalia pia Downloads ya kompyuta na flashi za ofisi.

Ukilipata toleo la zamani, usilifanye ndilo faili la kazi, maana litakosa masoko ya karibuni. Fungua yote mawili. Kwenye la zamani bofya kulia kichupo cha Makato, chagua Move or Copy, kwenye To book chagua faili la sasa, weka alama kwenye Create a copy, bofya OK. Kazi bado haijaisha, kwa sababu fomula zilizoingia #REF! haziponi zenyewe hata shiti ikirudi. Nenda Malipo, bonyeza Ctrl+H, andika #REF! kwenye Find what na Makato! kwenye Replace with, bofya Options uhakikishe Look in ni Formulas, kisha Replace All. Hii inawezekana kwa sababu shiti ikifutwa Excel inapoteza jina lake lakini inabakiza anwani za seli. Kama zilifutwa shiti mbili, Replace All itazielekeza zote kwa moja na kukuharibia. Chagua kwanza safu wima inayohusika, ubadilishe kipande kwa kipande. Kama jina la shiti lina nafasi, liwekee alama pande zote: 'Makato ya mbolea'!

Mwisho nenda Data, Edit Links. Kama shiti uliyoirudisha bado inasoma faili la zamani, bofya Change Source, uchague faili la sasa lenyewe.

Imerudi, lakini usiiamini bado

Shiti iliyokaa gizani kwa miezi huwa nyuma ya wenzake. Rudi kwenye ile fomula ya mwanzo: inasoma $A$2:$F$412. Tuseme wanachama 20 wapya wameongezwa na sasa orodha inafika mstari wa 432. Hao 20 hawasomwi. VLOOKUP peke yake ingeleta #N/A na mtu angeshtuka, lakini mafaili mengi yameifunika hivi:

=IFERROR(VLOOKUP(A7,Makato!$A$2:$F$412,6,FALSE),0)

Hapo mkulima asiyeonekana anapewa makato 0. Anapokea fedha zote, deni la mbolea linabaki kwenye chama, na msimu ujao wanachama wenzake ndio wanaolibeba. Kwa hiyo kwenye Malipo chuja safu ya makato uone wote wenye 0, uwalinganishe na daftari la pembejeo mmoja mmoja. Kisha panua anwani ya fomula mpaka mstari wa mwisho.

Angalia pia namba za mistari upande wa kushoto. Zikiruka kutoka 14 hadi 22, mistari saba imefichwa. Namba zikiwa za bluu, ni kichujio: nenda Data, Clear. Zikiwa za rangi ya kawaida, bonyeza Ctrl+A, urudie mpaka shiti nzima ichaguliwe, bofya kulia kwenye namba za mistari, chagua Unhide. Kama kilichofichwa ni mstari wa 1 wenyewe, andika A1 kwenye kisanduku cha jina kilicho juu kushoto, bonyeza Enter, kisha Home, Format, Hide & Unhide, Unhide Rows. Jumla ya safu ya SUM huhesabu hata mistari iliyofichwa, ndiyo maana jumla inaweza kuwa kubwa kuliko unachokiona.

Baada ya hapo, jumlisha safu ya deni kwenye Makato ulinganishe na jumla ya daftari au taarifa ya mkopo. Zikilingana, chapisha.

Kuhusu kuficha tena: kuficha kunazuia mkono usiguse kwa bahati mbaya, na kwa kazi hiyo kunafaa. Hakulindi siri. Mtu yeyote aliye na faili anaweza kuandika =Wanachama!D2 kwenye seli tupu na kuvuta namba ya akaunti kutoka shiti iliyofichwa sana, muundo ukiwa umefungwa, bila kufichua chochote. Namba za NIDA, simu na akaunti za wakulima ni taarifa binafsi, na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Unapomtumia mtu orodha ya malipo tu, fungua faili jipya, bandika kwa Paste Special, Values, utume hilo. Faili kamili likilazimika kusafiri, nenda File, Info, Protect Workbook, Encrypt with Password, na nywila uitaje kwa simu.

Kwenye shiti ya kwanza ya faili acha safu tatu wima: jina la shiti, hali yake kwa sasa, na nani aliyeificha na tarehe gani. Karani atakayekuja baada yako ataisoma kabla hajafungua daftari.